Panga Kabla Chila Haijafa: Mwongozo wa Kupunguza Kaboni Kwenye Mtandao wa Ubaridi

Desemba moja, kaskazi imeshika na vyumba vimejaa wageni, kompresa ya chila, ile mashine kubwa inayopoza maji ya kuleta ubaridi majengoni, ilivunjika katika hoteli moja kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Niliitwa saa mbili usiku. Meneja alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mashine, simu mbili mkononi, na swali lake lilikuwa moja tu: mashine kama hii inapatikana wapi, na itafika lini? Wiki chache baadaye ilifungwa mpya. Aina ile ile, gesi ile ile, ukubwa ule ule. Hoteli ilijifunga kwa miaka 20 kwa uamuzi uliofanywa na watu waliokosa usingizi. Sikumlaumu meneja. Mafundi wake walikuwa wamesema miaka 3 nzima kwamba mashine imechoka, lakini hakuna aliyewahi kukaa chini akaandika ukurasa mmoja: hii ikifa, tunaweka nini?

Mwongozo huu ni wa kuandika ukurasa huo. Nawaandikia mainjinia wa majengo, mafundi wakuu, mameneja wa hoteli na hospitali, na vijana wanaotoka chuoni ambao kesho wataitwa kutoa ushauri. Nimefanya kazi hii miaka mingi hapa pwani, na naamini mpango wa kuacha kaboni haushindwi kwa kukosa teknolojia. Unashindwa kwa kuchelewa siku moja baada ya mashine kufa.

Kwanza tuelewane neno. Katika miji ya baridi kama Copenhagen na Helsinki, nyumba nyingi hazina boila zake. Maji ya moto hutoka kwenye mitambo ya mji, yakapita kwenye mabomba chini ya barabara hadi mlangoni. Paris ina mabomba ya namna hiyo ya maji baridi, na mitambo yake hutumia maji ya mto Seine kutupa joto. Hapa Mombasa hakuna anayetaka kupashwa moto, na hatuna mabomba ya ubaridi chini ya Barabara ya Moi. Lakini hospitali yenye wadi, vyumba vya upasuaji na maabara vinavyopata maji baridi kutoka chumba kimoja cha mashine, huo tayari ni mtandao. Hoteli yenye majengo matano na chila mbili ni mtandao. Chuo, jumba la maduka, hata nyumba za ghorofa zilizochangia mtambo mmoja, vilevile. Kanuni ni zile zile, ukubwa tu ndio unaotofautiana.

Wenzetu wa Ulaya wamelazimishwa na sheria. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2023 kuhusu matumizi bora ya nishati linataka mtandao wowote wa joto au ubaridi unaozidi megawati 5, ambao bado haujafikia kiwango cha nishati safi kilichowekwa, uwe na mpango kufikia 1 Januari 2025, kisha uupitie upya kila miaka 5. Helsinki ilifunga kituo chake cha makaa ya mawe cha Hanasaari mwaka 2023, na cha Salmisaari mwaka 2025. Hizo ni kazi zilizopangwa miaka mingi kabla ya moto kuzimwa.

Hatua ya kwanza: kaa kwenye chumba cha mashine

Usifungue kompyuta bado. Omba siku 3 za kukaa na mafundi wa zamu, angalau moja iwe usiku. Beba kipimajoto cha kufunga juu ya bomba, kalamu na daftari. Kabla ya hapo omba vitu vinne ofisini: bili za stima za miezi 24, risiti za dizeli na gesi ya kupikia, risiti za gesi ya chila, na ripoti ya ukaguzi wa nishati. Hiyo ya mwisho mara nyingi ipo na imesahaulika kabatini. Kanuni za Kenya za usimamizi wa nishati za 2012 ziliweka kwamba mtumiaji wa zaidi ya yuniti (kilowati-saa) 180,000 kwa mwaka afanyiwe ukaguzi kila miaka 3, na atekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Ukiipata ripoti hiyo umeokoa wiki mbili za kazi.

Halafu kaa na mzee wa zamu. Kila chumba cha mashine kina mmoja.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa hesabu?”

“Ndiye mimi. Lakini nimekuja unifundishe kwanza.”

Mzee niliyemkuta hospitali moja alinishika mkono akaniwekea kiganja juu ya bomba la maji yanayorudi. “Sikia,” akasema. “Hili linarudi baridi mno. Maji haya yamezunguka bure.” Nikafunga kipimajoto. Maji yalikuwa yanatoka kwenye chila yakiwa nyuzi 6.1 na kurudi yakiwa nyuzi 8.6. Mtambo ulisanifiwa urudishe maji ya nyuzi 12. Tukafuata bomba na mzee, jengo kwa jengo, hadi tukafika wadi iliyofungwa kwa ukarabati tangu mwaka uliotangulia. Milango ina kufuli, vitanda vimetolewa, na ndani ya dari maji baridi yanapita mchana na usiku, vali wazi kabisa. Kule dari lilikuwa limeota ukungu mweusi kwa unyevu. Mzee alikuwa ameandika jambo hilo kwenye daftari la zamu mara kadhaa. Hakuna aliyelisoma.

Kwa hiyo soma daftari la zamu, lote. Andika tarehe ambazo gesi iliongezwa na ni kilo ngapi. Andika saa ambazo chila zote zilikuwa zinafanya kazi pamoja. Mwezi wa Machi, kabla ya mvua, ndio utakaokuonyesha kilele. Julai na Agosti, kusi ikivuma, ndio utakaokuonyesha kiwango cha chini. Tofauti ya kilele na kiwango hicho cha chini itakuambia kama chila zako ni kubwa kupita kiasi. Mara nyingi ni kubwa, kwa sababu aliyezinunua aliogopa.

Na kama hakuna mita ya mtiririko wala mita ya stima kwenye chila yenyewe, zinunue kwanza. Mpango uliojengwa juu ya bili moja ya jengo zima ni kubahatisha.

Hatua ya pili: pima vyungu vitatu

Kaboni ya mtandao wa ubaridi iko kwenye vyungu vitatu: stima, mafuta, na gesi ya kupozea inayozunguka ndani ya mashine. Watu hupima cha kwanza, hukumbuka cha pili, na husahau cha tatu. Hapa Kenya huko ni kukosea pakubwa, na nitaeleza kwa nini.

Takriban asilimia 90 ya umeme wetu hutokana na vyanzo safi: mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Turkana wenye uwezo wa megawati 310, na jua. Vituo vya mafuta kama vile Kipevu na Rabai husaidia hasa jioni mzigo unapopanda. Maana yake yuniti moja ya stima ya Mombasa ina kaboni kidogo ukilinganisha na nchi zinazochoma makaa ya mawe.

Sasa tazama gesi. Kilo moja ya R-410A, mojawapo ya gesi za kupozea, ikitoroka hewani huipasha dunia joto sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. R-22, ambayo bado utaikuta kwenye mashine za zamani, ni 1,810. R-134a ni 1,430. Tuchukulie chila yako imeongezwa kilo 30 za R-410A katika mwaka mmoja, maana yake kilo 30 zimetoroka:

30 × 2,088 = kilo 62,640 za hewa ukaa.

Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa kilo 2.68 hivi. Kuvuja huko ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 23,000 za dizeli. Hakuna meneja angekubali lita 23,000 zimwagike kwenye mtaro. Lakini kilo 30 za gesi hazionekani, hazinuki, na kwenye risiti ni mstari mmoja tu: “kuongeza gesi”.

Na huku pwani gesi huvuja kwa sababu tunayoijua sote: chumvi. Nenda juu ya paa lililo karibu na bahari, tazama mapezi ya alumini ya kondensa, ile sehemu ya chila inayotupa joto nje, iliyokaa miaka 6 bila kuoshwa. Ukiyagusa kwa kidole yanamomonyoka kama biskuti iliyolowa chai. Chumvi ikishamaliza mapezi inahamia kwenye viungo na mabano ya bomba. Kuosha kondensa kwa maji matamu kila wiki mbili, na kuagiza mashine zilizopakwa dawa ya kuzuia kutu tangu kiwandani, ni kazi ya kupunguza kaboni kabisa. Iandike hivyo kwenye mpango, usiiache kwenye orodha ya usafi.

Chungu cha mafuta ni rahisi kupima: jenereta, boila za kufulia na jikoni. Zidisha lita kwa 2.68, umemaliza.

Hatua ya tatu: andika tarehe ya kufa ya kila mashine

Hii ndiyo hatua ninayoitetea kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

Chukua karatasi kubwa. Chora mstari wa miaka, kutoka sasa hadi 2050. Kwa kila chila, pampu kubwa, boila, jenereta na mnara wa kupozea maji, weka alama mbili: mwaka ulipofungwa, na mwaka unaotarajia utakufa. Chila inayopozwa kwa hewa karibu na bahari huenda ikachoka katika miaka 12 hadi 15. Iliyo ndani ya jengo na inayopozwa kwa maji inaweza kufika 20 hadi 25 ikitunzwa. Usichukue takwimu za kitabu peke yake. Muulize mzee wa zamu. Atakwambia, “Nambari mbili haimalizi kaskazi ya pili,” na mara nyingi atakuwa sahihi.

Juu ya mstari huo huo weka tarehe za dunia. Makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016 yanazibana gesi za jamii ya HFC, zikiwemo R-410A na R-134a. Kwa kundi la nchi ambalo Kenya imo, matumizi hayaruhusiwi kupanda kuanzia 2024, kisha yanapunguzwa kwa asilimia 10 mwaka 2029, asilimia 30 mwaka 2035, asilimia 50 mwaka 2040, na asilimia 80 mwaka 2045. R-22 iko kwenye ratiba tofauti na ya mapema zaidi: 2030 inabaki akiba ndogo tu ya matengenezo.

Sasa tazama karatasi. Chila utakayonunua 2027 huenda bado inanguruma 2045. Ukiinunua na gesi inayobanwa, utaishi nayo katika miaka ambayo gesi hiyo itakuwa adimu na ghali. Bodi ya wakurugenzi huelewa jambo hili haraka kuliko habari za nyuzi joto za dunia, kwa hiyo anza nalo.

Kila mahali mashine inapokufa kwenye mstari ni mlango. Mlango hufunguka mara moja katika miaka 15 au 20. Kazi yako ni kuandika, kwa kila mlango, ni nini kitapita: ukubwa gani, gesi gani, inapozwa kwa hewa au kwa maji, na nani ana bei ya makadirio. Zikifa mbili karibu pamoja, hapo una nafasi ya kubadilisha muundo wote badala ya kubadilisha sanduku moja. Weka duara jekundu hapo.

Hatua ya nne: punguza kiu ya majengo

Usinunue mashine safi ya kuhudumia uvujaji. Kila kilowati ya ubaridi usiyoihitaji ni kilowati usiyoinunua.

Majengo ya Mji wa Kale yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta nene, chokaa nyeupe, madirisha ya juu ya kutoa hewa moto, na vichochoro vinavyotupiana vivuli. Waliojenga walijua jua la hapa. Leo tunajenga ukuta wa kioo unaotazama magharibi halafu tunanunua chila ya kupigana nao. Vivuli vya nje, paa jeupe, na mlango wa ukumbi unaofungwa ni bei rahisi kuliko tani yoyote ya ubaridi.

Ndani ya mtandao wenyewe, tatizo kubwa ni lile alilonionyesha mzee: maji kurudi baridi. Hesabu yake ni hii, na kila fundi aijue kwa kichwa:

kilowati za ubaridi = lita kwa sekunde × 4.19 × tofauti ya nyuzi kati ya maji yanayotoka na yanayorudi.

Lita 40 kwa sekunde kwa tofauti ya nyuzi 3 ni kilowati 503. Ukifanikiwa kupata tofauti ya nyuzi 6, lita 20 zinatosha kwa ubaridi ule ule. Na pampu ikisukuma nusu ya maji, kwa nadharia inahitaji thumni ya umeme. Kwenye mabomba halisi hutapata yote hiyo, lakini utapata nyingi. Tafuta vali za njia tatu zinazorudisha maji bila kuyatumia, badilisha ziwe za njia mbili, weka pampu za kubadilisha mwendo, safisha koili (mabomba yanayopoza hewa ya vyumba) zilizojaa vumbi, funga majengo yasiyotumika.

Kisha utasikia ushauri wa kupandisha joto la maji yanayotoka, kwa mfano kutoka nyuzi 6 hadi 9, kwa kuwa kila nyuzi moja huokoa kama asilimia 2 au 3 ya umeme wa chila. Ni ushauri mzuri, lakini umeandikwa na watu wa hewa kavu. Hewa yetu imebeba maji mengi, na koili lazima iwe baridi vya kutosha kuyakamua. Ukipandisha kupita kiasi chumba kitakuwa na nyuzi 24 na bado shuka zitakuwa na unyevu, na baada ya mwezi ukungu utaota nyuma ya makabati. Panda nusu nyuzi kwa wakati, pima unyevu wa vyumba, na usimame unyevu unapopita asilimia 60. Kwenye vyumba vya upasuaji usiguse kitu bila daktari na msimamizi wa wadi kukubali kwa maandishi.

Hatua ya tano: acha kutupa joto huku ukinunua joto

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, niseme wazi. Katika uwanja mmoja wa hoteli utakuta chila inamwaga joto juu ya paa, na mita 40 kutoka hapo boila ya dizeli inachemsha maji ya kuoga. Joto linalipiwa mara mbili, mara ya kwanza kulitupa na mara ya pili kulitafuta.

Fanya hesabu. Tuchukulie hoteli ya vyumba 200, kila chumba lita 100 za maji moto kwa siku. Lita 20,000 kutoka nyuzi 27 hadi 60 zinahitaji yuniti 768 hivi za joto. Boila ya dizeli yenye ufanisi wa asilimia 80 itakula karibu lita 96 kwa siku, sawa na tani 94 hivi za hewa ukaa kwa mwaka.

Upande wa pili, chila inayotoa kilowati 500 za ubaridi na kula kilowati 125 za umeme inatupa kilowati 625 za joto. Joto la siku nzima ya kuoga linatupwa kwa saa moja na robo.

Tatizo ni kwamba joto hilo ni vuguvugu, nyuzi 35 hadi 40, na maji ya kuoga yanatakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi 60 ili bakteria wa lejionela wasizaliane tangini. Kinachoziba pengo ni pampu ya joto: mashine inayochukua joto kutoka kwenye maji ya mtandao na kulipandisha. Upande mmoja inatoa maji moto, upande wa pili inasaidia kupoza. Haihitaji kuwa kubwa. Ipe ukubwa wa mahitaji ya maji moto, si ya ubaridi, weka tangi la kutosha saa kadhaa, na uache boila ya zamani mahali pake kwa msimu mmoja kama akiba. Meneja atalala usingizi, nawe utapata idhini. Baada ya msimu huo iondoe kabisa, maana boila iliyobaki ina tabia ya kuwashwa.

Kama ingekuwa ni lazima uchague jambo moja tu la kufanya mwaka huu kabla mashine yoyote haijafa, ningekuambia hili.

Hatua ya sita: joto litupwe wapi?

Joto lililobaki lazima liende mahali. Una njia tatu.

Hewa ni rahisi, haihitaji maji, lakini mchana wa Machi hewa ni nyuzi 32 au 33 na chila inahema. Mnara wa kupozea maji hupunguza sana umeme, lakini unakunywa. Zile kilowati 625 zikitupwa kwenye mnara hukausha zaidi ya lita 900 za maji kila saa, bila kuhesabu yale ya kumwaga ili kupunguza chumvi. Mombasa hutegemea maji ya mbali, chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na kila mkazi anajua mgao. Maji ya visima vya kisiwani mengi yana chumvi. Mimi singeweka mnara mahali ambapo mtaa wa jirani unapanga mitungi kwa foleni, isipokuwa kwa maji taka yaliyosafishwa ya jengo lenyewe.

Njia ya tatu ni bahari. Kwenye kisiwa cha Bora Bora kuna hoteli ambayo tangu 2006 inavuta maji baridi kutoka kilindini na kupoza vyumba moja kwa moja, karibu bila kompresa. Maji ya juu ya kwetu ni nyuzi 25 hadi 30, hayatapoza chumba, ila yanaweza kupokea joto la kondensa vizuri kuliko hewa. Lakini utahitaji kibadilisha joto cha titani, chujio la kuzuia kome na mwani, na tathmini ya mazingira kupitia NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Matumbawe hayavumilii maji moto, na mbele ya Nyali na Bamburi kuna hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1986. Mikoko ya Tudor nayo ina wavuvi wanaoishi kwayo. Ukianza njia hii, mtu wa kwanza kumtembelea ni mwenyekiti wa wavuvi wa ufuo ule, kabla hujaajiri mshauri yeyote.

Hatua ya saba: jua, tangi na saa za stima

Hii ni fupi. Jua la Mombasa linafuatana vizuri na mzigo wa ubaridi wa mchana, kwa hiyo paneli juu ya paa zinaingia kwenye mpango bila ubishi, pia kivuli chake kinapunguza joto la paa. Kaza vyuma vyake kwa ajili ya chumvi.

Tangi la maji baridi ndilo betri rahisi kuliko zote. Mita za ujazo 100 zenye tofauti ya nyuzi 7 zinahifadhi zaidi ya yuniti 800 za ubaridi. Lijaze adhuhuri paneli zikiwa na ziada, au usiku: wateja wakubwa wa Kenya Power wana bei nafuu kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, kwa masharti yake. Lifungue jioni, wakati ambapo vituo vya mafuta vinawashwa na kilele chako cha kVA, yaani mzigo wa stima unaovuta kwa wakati mmoja, kinapanda. Tangi pia hukuwezesha kununua chila ndogo zaidi mlango utakapofunguka, na hapo ndipo hulipa gharama yake.

Hatua ya nane: gesi mpya na mikono itakayoishika

Gesi zisizochafua zina tabia zake. Propani, yaani R-290, inashika moto. Amonia haina athari kwa hali ya hewa lakini inaua mtu akiivuta, ingawa viwanda vya barafu na samaki vimeizoea. R-32 ina 675 kwa kipimo kile kile cha kupasha dunia joto, ni afadhali kuliko R-410A lakini bado imo kwenye jedwali la Kigali, na inashika moto kidogo. Ushauri wangu: chila za propani ziwe nje, kwenye uwanja wazi, na maji peke yake ndiyo yaingie majengoni. Huo ndio ubora wa mtandao: gesi hatari inakaa mahali pamoja, mbali na vitanda.

Usimuache fundi nyuma. Nimeona mashine nzuri ikizimwa na kuachwa kwa sababu aliyefundishwa kuitunza alihamia Nairobi, na hakuna mwingine. Kwenye mkataba wa ununuzi andika kwamba mafundi watatu wa hapa watafundishwa kwa vitendo, gesi ya zamani itanyonywa na kuhifadhiwa badala ya kufunguliwa hewani, na vipuri muhimu vitakaa Mombasa.

Hatua ya tisa: ukurasa wenyewe

Sasa andika. Ripoti ya kurasa 80 iwepo kwa ajili ya benki, lakini ukurasa unaofanya kazi ni mmoja. Kwa kila mashine uwe na mstari wake: namba, mwaka wa kufungwa, mwaka unaotarajiwa wa kufa, kitakachochukua nafasi yake pamoja na gesi na ukubwa, muda wa kuagiza na kupitia bandarini, bei ya makadirio na tarehe ya makadirio hayo. Chini yake andika mashine ya kukodi itatoka wapi kwa dharura, ili mtu asinunue kwa hofu. Halafu sahihi tatu: mwenye fedha, injinia, na fundi mkuu. Fundi mkuu asiposaini, hajaamini, na asiyeamini hatafuata.

Ufunikwe plastiki kwa sababu ya unyevu, utundikwe kwenye chumba cha mashine kando ya daftari la zamu. Kila Agosti, mzigo ukiwa chini, kaeni nusu siku mfute na kuandika upya. Mashine iliyozeeka haraka isogezwe mbele, bei zipigiwe simu tena, kilo za gesi zilizoongezwa mwaka huo zijumlishwe mbele ya wote. Nusu siku hiyo ilipwe kama zamu ya kawaida kwa kila fundi atakayehudhuria.